Mke Mwenza wa Wati 100

Majira ya baridi ya mwaka 2022, gesi ilipopanda bei Uingereza hadi watu wakawa wanakula chakula cha jioni na makoti mwilini, nyumba yetu ya Leicester ilikuwa na mkazi mmoja tu aliyeishi kwa nyuzi joto 40. Hakuosha vyombo, hakuchangia bili, na alikuwa na taa mbili, thamostati yake na saa yake ya kuwasha na kuzima. Anaitwa Sultani. Ni mjusi.

Aliingiaje? Mwanangu Idrisa alianza kwa kuomba mbwa. Mama yake akasema mbwa haingii nyumba inayosaliwa. Akaomba paka, lakini dada yake Salma hupiga chafya hata akiona paka kwenye kalenda. Akaomba sungura, nikamweleza kwa upole kwamba baba yake ni mtu wa Tanga, na sungura kwake ni mboga. Ndipo mtoto akaleta ombi ambalo hakuna aliyekuwa na hoja ya kulipinga, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria. Familia ya mwenzake wa shule ilikuwa inahama mji, inamtafutia mjusi wao mlezi.

Mjusi mwenyewe ni wa aina ya wale wenye ndevu, ambao kwao ni nyika kavu za katikati ya Australia. Serikali ya huko hairuhusu wanyamapori wake kuuzwa nje, kwa hiyo hawa wanaofugwa Ulaya wamezaliwa vizimbani kizazi baada ya kizazi. Sultani, basi, ni mzaliwa wa Uingereza mwenye asili ya ng'ambo, na katika nyumba yetu hilo halikumfanya wa ajabu hata kidogo.

Shida yake ni joto. Mwili wa mjusi haujipashi wenyewe. Asipoota jua hata chakula hakimeng'enyi. Anataka upande mmoja wa kizimba uwe na pembe ya kuotea yenye nyuzi 40 hivi, na upande wa pili uwe na ubaridi wa nyuzi 25 hivi akapumzike. Anataka pia taa ya pili inayotoa miale ya urujuanimno, mwili wake utengeneze vitamini D, la sivyo mifupa inalainika. Jua la Leicester mwezi wa Januari haliwezi kazi hiyo. Hata sisi halitutoshi.

Mimi ni fundi umeme, na vifaa vilivyokuja na Sultani nilivitazama kama polisi wa usalama barabarani anavyolitazama daladala la magogo. Kofia ya taa iliandikwa mwisho wati 60. Ndani kulikuwa na balbu ya wati 100. Holda ilikuwa ya plastiki. Holda ya plastiki chini ya balbu ya namna hiyo huanza kuwa ya kahawia, ikawa kavu, ikapasuka, halafu siku moja inaiachia balbu. Inatakiwa ya kauri. Na taa nzima ilishikiliwa ukingoni mwa tangi la kioo kwa kibano cha springi, cha aina ile ambayo joto huilegeza taratibu bila kumwambia mtu. Holda na kofia nikavibadilisha kabla sijagusa swichi. Kibano nikakitupa, na taa nikaining'iniza kwa mnyororo juu ya kifuniko cha wavu.

Balbu yenyewe ni ya uzi, ile ya kizamani. Ulaya ilianza kuziondoa sokoni mwaka 2009 kwa kosa la kugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto badala ya mwanga. Mjusi analitaka lile kosa lenyewe. Kwa hiyo dukani unakuta taa za kubana matumizi rafu nzima kwa ajili ya binadamu, na kule nyuma, upande wa wanyama, balbu fujaji zimewekewa mahali pa heshima.

Basi kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo akaja mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Kikwajuni, Unguja. Alikuja kuwaona wajukuu, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia achague mwezi mwingine. Alisimama mlangoni pa sebule na koti lake, kanga mbili juu ya koti, akatazama kwenye kioo.

"Huyu si mjusi kafiri huyu?"

Nikamwambia, "Hapana Mama, huyu ni wa Australia."

"Kafiri wa Australia," akasema, akaenda zake kukaa.

Kwa watu wa Pwani mjusi ana kesi ya zamani. Nabii Ibrahim alipotupwa motoni, mjusi ndiye aliyeupuliza moto ule ukolee. Ndiyo maana bibi zetu wakimwona ukutani mkono ulikuwa unashuka wenyewe kutafuta kandambili. Na sasa mmoja wa ukoo ule amekalishwa sebuleni, amewashiwa moto wa kwake peke yake, tena wa kulipiwa.

"Mnampa moto tena?" Mama aliuliza. "Ule wa kwanza haukumtosha?"

Kilichomuuma zaidi ni umeme. Mama alikuwepo Unguja Desemba 2009, njia ya umeme wa kutoka bara ilipoharibika na kisiwa kizima kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu ya majenereta, ndoo za maji na samaki wa kununua leo wa kuliwa leo. Akamuuliza Idrisa umeme wa huyu mnyama unakatika saa ngapi. Idrisa akamjibu kuwa haukatiki, ila saa mbili usiku saa inauzima ili alale. Mama akanyamaza. Nadhani alikuwa anahesabu: wati 100 kwa saa 12 ni uniti moja na zaidi kila siku, kwa mtu asiye na kazi.

Sultani naye, alipomwona mgeni mkubwa amemsimamia, akanyanyua mkono wa kulia akaupunga polepole. Mijusi hawa hufanya hivyo wakikutana na aliyewazidi nguvu. Ni namna yao ya kusema sitaki ugomvi. Mama, kwa mazoea ya umri wake wote, akajibu:

"Marahaba."

Halafu akashtuka. "Astaghfirullah."

Lakini ndiyo ilikuwa imeshatoka, na ukishaitikia salamu ya mtu huwezi tena kumpiga kandambili. Kidogo kidogo wakazoeana. Alipoambiwa kuwa Sultani hula nzige wa kununua kwenye kopo, akatikisa kichwa kwa kukubali: nzige hata sisi tumehalalishiwa. Tatizo likabaki la kindoa. Kwetu bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", na utani huo una sheria zake. Mume akirudi, anakwenda kumjulia hali mkewe. Idrisa alikuwa akirudi shule anapitiliza moja kwa moja kwa Sultani, hata viatu hajavua.

"Mume wangu ameniolea mke mwenza," Mama akawa anawaambia watu wa Unguja kwenye simu. "Tena mwenye ndevu."

Haikupita wiki, nikaona kiti cha Mama kimesogea. Kesho yake kimesogea tena. Mwisho kikawa kimegusana na meza ya kizimba, na Mama amekaa ubavu kwa ubavu na mke mwenza, anavuta uradi, wote wawili wamefumba macho.

Vitabu vya kufuga mijusi vinazungumza na mtu mmoja tu katika nyumba, naye ni mwenye mjusi. Vinamwambia afute vumbi kwenye kofia ya taa, aweke mapazia mbali, asitandike majani makavu karibu na balbu, asitegemee ekstensheni ya bei rahisi. Maneno mazuri yote. Ila havina hata mstari mmoja kuhusu watu wengine wanne wa nyumba hiyo wanaosikia baridi. Ukiweka joto mahali pamoja katika nyumba ya baridi, vitu vitalifuata. Kwanza zilikuja soksi za Salma, zimepangwa mbili mbili juu ya wavu. Ikaja simu ya mke wangu, ambayo eti betri yake haipendi baridi. Ikaja sufuria ya unga wa maandazi, imefunikwa kitambaa, ikaumuka nusu ya muda wake wa kawaida. Hapo nilitaka kusema neno, lakini maandazi yalikuwa mazuri mno, na mtu huwezi kukemea na mdomo umejaa.

Kisha kikaja kisa cha kihisi. Thamostati ina kiwaya chembamba chenye ncha inayopima joto, na ncha hiyo hukaa kizimbani, pale mjusi anapoota. Siku moja Mama, katika kufuta vumbi, alikiona kile kiwaya kimelala mchangani, akaona watu hawa hawana usafi, akakivuta na kukiweka dirishani. Dirisha la Leicester, mwezi wa Januari. Thamostati haijui mjusi yuko wapi, inajua ncha yake iko wapi. Ikasoma nyuzi tisa, ikaamini Sultani anakufa kwa baridi, ikafungulia taa umeme wote iliokuwa nao bila kupumzika. Jioni tulimkuta Sultani amejibanza pembe ya mbali kabisa, mdomo wazi, ndivyo wanavyofanya wakizidiwa na joto.

"Tangu mchana anacheka tu," Mama akasema. "Sijui nini kimemfurahisha."

Tangu siku hiyo kiwaya kile kimefungwa kwa vibanio sehemu tatu, na pembeni yake kuna kipimajoto kingine ambacho hakihusiani na thamostati, ili kimoja kikidanganya kingine kimuumbue. Watu huamini ukishanunua thamostati umemaliza. Thamostati iliyovuliwa kihisi ni hatari kuliko taa isiyo na thamostati, maana hiyo ya pili angalau hujidanganyi nayo.

Na bado hatujafika kwenye kanga.

Nguo England mwezi wa Januari hazikauki, zinabadilisha tu aina ya umajimaji. Mama alikuwa amefua kanga yake moja, mpya, akaizungusha nyumba nzima akitafuta jua, na jua pekee lililokuwepo katika mtaa wetu lilikuwa la Sultani. Akaikunja mara mbili, akaitandika juu ya kofia ya taa, akaikagua mpaka akaridhika, akaenda kusali Alasiri. Siku zile fupi Alasiri na Magharibi zimekaribiana kiasi kwamba Mama haoni haja ya kukunja msala. Alibaki chumbani kwake na tasbihi.

Hapa ndipo watu wengi wasipoelewa. Nguo iliyolowa haiungui haraka, maana joto lote linatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Unaweza kuitazama robo saa nzima ukaridhika kwamba ni salama. Hatari huanza pale kazi ya kukauka inapokwisha. Maji yakishatoka, hakuna tena cha kulipoza joto. Kitambaa kinapanda joto, na kwa kuwa kimeziba matundu ya kofia, hewa ya moto haina pa kutokea. Yaani kanga ilikuwa salama muda wote Mama alipokuwa akiikagua, ikaanza kuungua alipojiridhisha akaondoka.

Salma alisikia harufu. Akadhani ni udi, maana Mama huwasha chetezo, na katika nyumba yenye chetezo harufu ya kitu kinachoungua si habari. King'ora cha moshi nacho kilikuwa dari pale pale, kimevishwa mfuko wa plastiki na kukazwa kwa mpira, kwa sababu kilikuwa kikimpigia kelele Mama kila Ijumaa. Nimeingia nyumba nyingi za watu wetu katika miji hii kwa kazi yangu, na mfuko huo naufahamu. Nyingine hutumia soksi.

Aliyeokoa nyumba ni Idrisa, na aliiokoa kwa kukosa adabu. Alirudi shule, hakumsalimu bibi yake, akaenda moja kwa moja kwa Sultani na viatu vyake, akakuta moshi unapanda katikati ya kanga na duara la kahawia linaelekea kuwa jeusi. Akazima ukutani, akaichukua kanga kwa koleo la jikoni, akaitumbukiza kwenye sinki. Kanga ile ilikuwa imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Tundu lilikuwa limechukua neno la mwisho.

Jioni nilikagua. Taa nzima, waya mzima, holda ya kauri haina hata alama. Fyuzi ya plagi haikukatika, na kikata umeme cha nyumba hakikushtuka. Mke wangu akaniuliza, mbona fundi umefunga vitu vyote hivi na hakuna kilichozuia? Lakini fyuzi huangalia umeme unaopita. Taa ya wati 100 kwa umeme wa Uingereza huvuta chini ya nusu ya ampea, iwe inamwotesha mjusi au inachoma kanga. Kwenye waya hakuna tofauti. Ukisikia vikosi vya zimamoto vinawaonya wenye mijusi na makobe kuhusu taa zao, mara nyingi si kwamba taa imepiga shoti. Taa imefanya kazi yake vizuri kabisa, ila imeifanya juu ya kitu kingine: majani makavu iliyoyaangukia, pazia, nguo.

Likabaki swali gumu kuliko yote: nani atamwambia Mama?

Mkwe hasemwi. Nikamtuma mke wangu, akagoma. "Mama yangu amepikia seredani miaka hamsini hajaunguza hata kitambaa cha kupangusia. Leo mimi nimfundishe moto?" Na alikuwa na haki. Mama yule Kikwajuni hawezi kuliacha seredani lenye makaa na mtoto chumba kimoja. Halali mpaka ayamwagie maji majivu. Heshima yake kwa moto ni kubwa kuliko yangu. Lakini kile kitu cha Sultani hakikuwa na kaa, hakikuwa na moshi, na kila mtu nyumbani alikuwa akikiita taa. Ungemwambia kwamba kioo cha balbu ile kinaweza kupita nyuzi 200 angekuhurumia tu.

Nikamwita Idrisa, nikampa maneno. Baada ya chakula akamsogelea bibi yake na uso wa msiba.

"Bibi, naomba radhi. Nyumba ya wake wawili lazima kila mtu awe na jiko lake. Lile ni seredani la mke mwenzio. Ameniambia anaona vibaya, watu wanaweka vitu jikoni kwake bila ruhusa."

Mama alimtazama Idrisa, kisha Sultani, kisha mimi niliyekuwa nimezama kwenye gazeti. Hakucheka. Mwanamke mwenye heshima zake hatii mkono kwenye jiko la mke mwenzake. Hilo linajulikana tangu zamani. Alikwenda pale mezani, akaondoa soksi za Salma moja moja, akaishusha sufuria ya unga, na tangu jioni hiyo akawa mlinzi wa seredani lile kuliko mwenye mjusi. Salma alijaribu kuanika kitambaa cha kichwa, akasomewa.

Lakini mlinzi naye hulala, na fundi hategemei adabu peke yake. Mwezi uliofuata nilimtengenezea Sultani kizimba cha mbao chenye milango ya kioo, taa ikaingia ndani kabisa, imefungwa darini kwa skrubu na kuzungushiwa wavu wa chuma. Wavu ule unamlinda na yeye mwenyewe, maana hawa wanyama ni wazito wa kutambua kwamba wanaungua. Mjusi anaweza kulalia kitu cha moto mpaka tumbo likababuka na asisogee. Nilifikiria kumwekea usiku kile kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga, nikaacha. Kitu chenye joto la kuunguza ambacho huwezi kuona kama kimewashwa, katika nyumba hii? Blanketi kwa binadamu, na Sultani astahimili ubaridi wa usiku, kwao jangwani ndivyo ulivyo.

Kazi ninayojivunia ni paa. Nililiinamisha, kama paa la banda. Hakuna soksi inayokaa juu yake, sufuria inateleza, bahasha za bili zinaanguka nyuma ya meza mahali panapozistahili. Wageni husifu umbo lake wakidhani ni urembo. Kwa Mama nilinunua kiango cha nguo cha umeme, kile chenye fito za vuguvugu, akakisimamisha chumbani kwake na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, kwa sheria ile ile ya mitala. Chetezo kikahamia chumba cha nyuma penye dirisha, na king'ora kikavuliwa mfuko wake.

Mama aliondoka mwezi wa Aprili, hali ya hewa ilipoanza kuwa na adabu. Sultani alimpungia mkono. Aliitikiwa.

Haukupita muda akapiga simu. Kijana wa jirani pale Kikwajuni ameanza mradi wa kuku: vifaranga ndani ya boksi la karatasi, maranda chini, na balbu ya wati 200 inaning'inia kwa waya wake wenyewe, imefungwa kwa utepe. Mama alikuwa amekwenda kuwatazama vifaranga akaishia kuitazama balbu. Alinipa ripoti kamili: holda ni ya plastiki, hakuna wavu, umbali kutoka balbu hadi maranda ni shibiri moja, na dada mtu ameanika nguo za mtoto kwenye ukingo wa boksi.

"Nimewaambia hilo ni seredani," akasema. "Nimewaambia mkwe wangu ni fundi Uingereza, ataleta holda ya kauri na mnyororo."

Nikatuma hela ya holda na mnyororo. Siku ya pili akapiga tena kunishukuru, akaniambia vimefungwa vizuri, vifaranga wametawanyika boksi zima badala ya kujikusanya mahali pamoja, ishara kwamba joto limewaenea sawa. Ila wanakula sana, mwanangu, akasema, na kijana anauliza kama ile hela ya chakula chao nimeshaituma au bado.